Stori yako ya distopia itokee lini? Mwongozo kamili wa kupanga wakati

Watu wengi wakikaa kuandika distopia, yani stori ya dunia iliyoharibika chini ya utawala mkali, kitu cha kwanza wanachoandika ni namba. 2150, 2300, 3000, wanaona namba ikiwa kubwa ndo stori inakuwa nzito, alafu wakifika ukurasa wa kumi wanakwama kwa sababu hawajui bibi yake mhusika alizaliwa lini, nani aliiona serikali ya zamani ikianguka, na kwa nini mtu yeyote kwenye huo mwaka ahisi kuna kitu kimepotea. Mi nimekwama hapo zaidi ya mara moja na kilichonitoa ni kuacha kuuliza "huu ni mwaka gani" nikaanza kuuliza "nani bado anakumbuka". Distopia ni stori ya kitu kilichochukuliwa. Kwaiyo umbali kati ya siku kilipochukuliwa na siku stori inapoanza ndo unaoamua karibu kila kitu, mwaka wa kwenye kalenda unakuja baadaye kabisa na wakati mwingine hauji.

Nitatumia mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho ili tuelewane. Nchi ambayo raia haruhusiwi kumiliki saa. Hamna saa ya mkononi, hamna ya ukutani, simu hazionyeshi muda, muda unatangazwa na king'ora cha serikali basi. Mhusika wetu ni fundi saa. Hatujui ni lini na tutaipata hiyo lini hatua kwa hatua, chukua daftari tuende.

Hatua ya 1: Andika siku ya mkato

Mkato ni ile siku ambayo kabla yake maisha yalikuwa hivi na baada yake yakawa vile. Iandike hata kama haitatokea kwenye kitabu. Ila usikubali iwe siku moja tu ya mabomu na moshi, ndo kosa ninaloliona sana, mtu anaandika "vita ikatokea, dunia ikaharibika, wakaja watawala wakatili" na hapo kashamaliza. Mambo haya huja kidogo kidogo na kila kidogo kina sababu inayoingia akilini.

Kwenye nchi yetu naandika hivi. Mwaka wa kwanza wanasema saa za watu zinapishana, mmoja anafika kazini mapema mwingine anachelewa, kwaiyo kila saa ikapimwe bure ofisini. Nani atakataa kitu cha bure. Mwaka wa pili saa iliyopimwa inapigwa muhuri na mafundi wanaandikishwa majina. Mwaka wa tatu king'ora kinafungwa kwenye kila mtaa, na kweli kinasaidia, wazee wanakisifia. Mwaka wa nne saa isiyo na muhuri ni kosa. Mwaka wa tano mihuri inaacha kutolewa. Hakuna aliyetangaza kwamba saa zimepigwa marufuku, umeona, hamna siku ambayo mtu angetoka nje kupiga kelele. Kwenye daftari langu mkato ni mwaka wa tano, lakini yule fundi ukimuuliza atakwambia ni mwaka wa pili, siku alipoandikwa jina, na mke wake atakutajia siku nyingine kabisa. Huo ubishani uweke, ni mali.

Hatua ya 2: Pima umbali kutoka kwenye mkato

Hapa ndo pa kukaa sana. Chukua mtoto aliyekuwa na miaka 8 siku ya mkato, mtoto wa miaka 8 anakumbuka vitu vizuri tu. Sasa sogeza stori mbele uone anakuwa nani.

Ukiweka stori miaka 3 baada ya mkato, kila mtu anakumbuka. Huyo mtoto ana 11. Hofu ya stori ni ya kuzoea, yani watu wanajishangaa wenyewe wanavyozoea, na mapambano yako ndani ya nyumba. Fundi wetu bado ana vifaa, bado anajua nani alikuwa mteja wake, na jirani aliyemchoma kwa askari ni yule yule aliyekula naye sikukuu. Margaret Atwood alipoandika The Handmaid's Tale mwaka 1985 alichagua umbali huu mfupi, msimulizi alikuwa na kazi, na pesa yake benki, na mtoto, na vyote anavikumbuka vizuri. Humo ndani wanawake wanaambiwa kwamba wao ndo kizazi kigumu, watakaofuata itakuwa rahisi kwao. Ukiielewa sentensi hiyo umeielewa hatua hii nzima: watawala wanachosubiri ni watu wanaokumbuka wafe.

Miaka 25 baadaye yule mtoto ana 33, ana watoto, na watoto wake hawajawahi kuiona saa. Umbali huu ndo naupenda kuliko yote kwa sababu unaweka mkato katikati ya meza ya chakula. Baba anajua, mtoto hajui, na baba anaogopa kumwambia maana mtoto anaweza kulisema shuleni bila nia mbaya. Hamna haja ya askari kwenye ukurasa, ukimya wa baba unatosha.

Miaka 70, yule mtoto ana 78. Wamebaki wachache, na serikali inaweza kusema wamechanganyikiwa kwa uzee na watu wakaamini. Suzanne Collins kwenye The Hunger Games, riwaya ambayo utawala unawalazimisha vijana kuuana kwenye mashindano ya kila mwaka, anaanza na mashindano ya 74, sio ya 3 wala ya 300, na namba hiyo inafanya kazi: imeshakuwa desturi kamili yenye sherehe na mavazi, ila uasi ulioizaa haujawa mbali kiasi cha kusahaulika. Kwenye stori yetu miaka 70 inamfanya fundi awe wa mwisho, au awe mjukuu aliyeokota bisibisi ndogo kwenye dari asijue ni ya nini.

Miaka 200 na kuendelea hamna mtu anayekumbuka chochote, na hapa watu wengi wanapotea. Kama hakuna anayekumbuka basi inabidi vitu vikumbuke badala ya watu, magofu, neno ambalo maana yake imepotea, wimbo wa watoto. Jevgenij Zamjatin alipoandika "Sisi" mwaka 1920 hadi 1921 alienda mbali hivyo, karibu miaka 1000 baada ya dola yake kuitawala dunia, na raia wake wanasoma ratiba za zamani za treni kama urithi mkubwa wa fasihi. Inawezekana kabisa kwenda mbali. Ila ukienda mbali ujue unaacha machozi ya mtu aliyenyang'anywa, unachukua baridi ya mtu asiyejua kwamba kuna alichonyang'anywa. Ukitaka vyote viwili kwenye mtu mmoja utaandika mhusika asiyeeleweka.

Chagua umbali mmoja. Uandike juu ya ukurasa kwa kalamu nyekundu. Mi kwa fundi wetu nachukua miaka 25.

Hatua ya 3: Sasa amua kama unataja mwaka

Ukitaja mwaka unampa msomaji ahadi na tarehe, na tarehe itafika. George Orwell alitoa Nineteen Eighty-Four mwaka 1949, kwenye rasimu alianza na 1980, akaenda 1982, ndo akaishia 1984, na umbali huo wa miaka 35 ulimaanisha kijana aliyekinunua kikiwa kipya angeweza kuufikia huo mwaka akiwa hai. Hiyo ndo nguvu ya mwaka wa karibu, unamhusu msomaji mwenyewe na watoto wake. Octavia Butler naye mwaka 1993 alitoa Parable of the Sower inayoanza Julai 2024, kitabu kikakaa kinawasubiri wasomaji wake, na walipofika wengi waliokisoma waliona moto na ukame na kuta za kujifungia wakakaa kimya.

Hasara yake inaonekana kwenye vitu vidogo. Filamu ya Blade Runner ya 1982 iliwekwa Novemba 2019, ina magari yanayopaa, alafu mhusika mkuu anaenda kupiga simu kwenye simu ya kulipia ya hadharani. Sio aibu hata kidogo, filamu bado inasimama, kwa sababu swali lake (nani ni binadamu) halina tarehe. Kwaiyo kipimo changu ni hiki: futa mwaka kwenye rasimu, kama stori imebaki na uzito ule ule mwaka haukuwa na kazi, uache nje. Kama imelegea, urudishe.

Kuna njia ya tatu ambayo waandishi wapya hawaifikirii, kuweka distopia nyuma. Kazuo Ishiguro alitoa Never Let Me Go mwaka 2005 na mwanzoni kabisa kaandika Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1990. Yani ilishatokea. Msomaji anabaki anajiuliza yeye mwaka ule alikuwa wapi na alikuwa anafanya nini, na mwandishi hapambani na teknolojia ya kubuni hata moja.

Na ya nne, ambayo Orwell aliichanganya na ya kwanza: mwaka umetajwa ila mhusika hana uhakika nao. Winston, mhusika mkuu wa Nineteen Eighty-Four, anaandika tarehe kwenye shajara yake alafu anagundua hawezi kuapa kwamba ni 1984 kweli. Ukiiga wazo hili hakikisha lina sababu ndani ya stori. Kwenye nchi isiyo na saa sababu ipo tele.

Hatua ya 4: Watawala wako wanahesabuje miaka?

Serikali inayotaka kumiliki watu mapema sana inagusa kalenda, na hapa huhitaji kubuni sana maana historia imejaa. Ufaransa baada ya mapinduzi walianza kuhesabu upya kuanzia Septemba 1792, wakaweka wiki ya siku kumi, yani mapumziko yakatoka siku moja kati ya saba yakawa moja kati ya kumi, na wakajaribu siku ya saa 10 zenye dakika 100 kila moja. Saa hizo zikalazimishwa kwa muda mfupi tu, mwaka 1795 wakaachana nazo, kalenda yenyewe ikadumu hadi mwisho wa 1805. Umoja wa Kisovieti mwaka 1929 waliiondoa wiki ya siku saba wakaleta ya siku tano, wafanyakazi wakagawanywa makundi ya rangi na kila rangi ina siku yake ya kupumzika ili mashine zisisimame kabisa. Fikiria hilo kidogo. Mume ni wa rangi ya njano, mke ni wa kijani, wanaishi nyumba moja na hawana siku ya kukaa pamoja. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyefungwa, ni kalenda tu. Wiki ya siku saba ilirudi 1940.

Turkmenistan mwaka 2002 rais alibadilisha majina ya miezi, Januari ikapewa jina lake la heshima na Aprili ikapewa jina la mama yake, ikarudishwa 2008 baada ya yeye kufa. Korea Kaskazini kuanzia 1997 walikuwa wanahesabu miaka tangu 1912, mwaka aliozaliwa mwasisi wao, na mwaka 2015 wakarudisha saa zao nyuma dakika 30, wakaja kuzisogeza tena 2018. Aldous Huxley alilijua hili mapema, Brave New World ya 1932 inahesabu miaka tangu gari la Ford la Model T lilipotoka 1908, kwaiyo mwaka 632 wa humo ni 2540 wa kwetu, na mara moja umeshajua dunia ile inaabudu kiwanda.

Sasa kazi yako: jiulize watawala wako wanaona mwaka wa kwanza ni upi, alafu tafuta mtu mmoja ambaye kalenda mpya inamuumiza kwa kitu kidogo. Kwangu mimi ni bibi mmoja ambaye mwezi aliofiwa na mwanae umefutwa jina, hajui tena siku ya kumwombea.

Hatua ya 5: Shuka mpaka kwenye saa za siku moja

Panga siku nzima ya mhusika, kuanzia kuamka mpaka kulala, na weka alama saa ambazo ni zake mwenyewe. Kwenye ile riwaya ya Zamjatin raia wana saa mbili tu za binafsi kwa siku, 10 jioni mpaka 11 na 3 usiku mpaka 4, zilizobaki zote wanaishi kwa ratiba moja na hata kutafuna wanatafuna kwa hesabu. Mwandishi akijua saa zipi ni za nani anajua pia uasi utatokea saa ngapi.

Na sisi tunaoandika Kiswahili tuna kitu hapa ambacho wenzetu hawana, naomba tukitumie. Orwell alifungua kitabu chake kwa saa zinazogonga kumi na tatu, Mwingereza akisoma anashtuka kwa sababu saa za kugonga huishia kumi na mbili. Ukiihamisha hivyo hivyo inabaki mshtuko wa kuazima. Saa yetu inaanza kuhesabu na jua, moja asubuhi ni saa moja tangu kumekucha, ukisema saa kumi na mbili jioni umeshasema jua linazama. Saa yetu inaangalia angani! Basi fikiria utawala unaokataza hesabu hiyo, unaofuta maneno asubuhi, mchana, jioni, alfajiri, unabaki na namba kuanzia sifuri hadi ishirini na tatu. Kwenye rasimu yangu kuna mahali baba anamwamsha mtoto kwa kusema "amka, saa moja hii" na mtoto anamziba baba mdomo kwa kiganja. Nilipoandika hapo ndo nilijua stori inatokea miaka 25 baada ya mkato na sio 70, kwa sababu ulimi wa baba ulikuwa bado unateleza.

Hatua ya 6: Vitu na teknolojia

Hapa nitapita haraka. Usijaze vifaa vipya. Dunia yoyote, hata ya miaka mia ijayo, ina sufuria za zamani, viti vilivyofungwa waya, nguo za marehemu. Kwa kila kifaa kimoja kipya weka vitatu vikuukuu na mwaka wako utaaminika. Ukibuni kifaa kipya kielezee kwa kazi yake na kwa anayekiogopa, acha kueleza kinavyofanya kazi ndani, maana hapo ndipo kinapozeeka.

Hatua ya 7: Chagua vitenzi kabla hujaendelea

Wakati wa stori msomaji anausikia kwenye kitenzi kabla hajauona kwenye tarehe. Soma hizi mbili kwa sauti. "Askari walipita mtaani usiku wakapekua kila nyumba." Hilo ni tukio, limetokea, watu walishtuka. "Askari hupita mtaani usiku, hupekua kila nyumba." Hamna aliyeshtuka, ni kama mvua. Herufi mbili tu, hu, zimeshasema miaka mingapi imepita. Kwa distopia ya umbali mrefu anza na hu, acha msomaji azoee, alafu siku ya kwanza mambo yanapoharibika ingia kwenye li na ka.

Pia gawa vitenzi kwa umri. Mzee aliyeishi kabla ya mkato anaruhusiwa kusema "tungalizificha saa zile kisimani tungalikuwa nazo leo". Mtoto aliyezaliwa baada hana hiyo ngali, hajui kuna kitu kingeweza kuwa vingine. Na angalia neno tena. "Hatuna saa" ni taarifa. "Hatuna saa tena" ni kilio, na anayelisema kashajitaja ni wa kizazi gani. Mi huwa napitia mazungumzo yote natafuta tena, bado, siku hizi na zamani, nauliza huyu anayesema ana haki ya neno hili au nimemwazima la kwangu.

Ujanja mmoja zaidi: kitabu cha shule cha watoto wa utawala kifungue na "hapo zamani za kale" alafu kielezee maisha yetu sisi tunaosoma leo. Hapo zamani za kale kila mtu alikuwa na saa yake na kwa sababu hiyo watu hawakupendana. Aya moja kama hiyo inabeba kazi ya kurasa ishirini za maelezo.

Hatua ya 8: Anayesimulia amesimama wapi?

Mhusika anaishi wakati fulani ila sauti inayosimulia inaweza kuwa imesimama mbali mbele. Jack London mwaka 1908 kwenye The Iron Heel aliweka tanbihi za msomi anayeandika karne nyingi baadaye, Atwood alimalizia na mkutano wa wanazuoni wa mwaka 2195 wakiijadili dola ya kwenye The Handmaid's Tale kama historia. Kwa njia hiyo msomaji anajua utawala ulikuja kuanguka. Ni faraja, lakini inauma pia, kwa sababu wale wanazuoni wanacheka na kutaniana juu ya mateso ya mtu. Kabla hujaiweka jiulize kama unataka msomaji apumue. Kwa fundi wetu nimekataa, simulizi yangu haijui kesho.

Hatua ya 9: Kagua hesabu

Chora mstari mmoja mrefu, weka mkato katikati, alafu kila mhusika mwandikie umri wake siku ya mkato na umri wake ukurasa wa kwanza. Wale waliozaliwa kabla andika kando kitu kimoja tu wanachokikumbuka kwa mikono yao, harufu au sauti au uzito. Wale waliozaliwa baada andika kitu walichosimuliwa vibaya. Ukikuta kijana wa miaka 20 anakumbuka kitu cha miaka 25 nyuma umepata kosa, rekebisha kabla halijasambaa.

Nilipofanya hivyo niligundua fundi alikuwa na 31 siku ya mkato, kwaiyo sasa ana 56, macho yameanza kumchosha kwa kazi ndogo ndogo za gurudumu na skrubu. Binti yake ana 19. Yeye ana macho lakini hajawahi kuisikia saa ikigonga, kwaiyo baba anamfundisha usiku kwa kumgonga begani kwa kidole, tiki, tiki, tiki, ili mwili wake uijue sekunde ina urefu gani. Ukurasa wangu wa kwanza unaanzia hapo.